Kozi ya wiki sita ya teolojia na sanaa ya Kikristo kule Roma, nawajibu wote mnaoniuliza

Tangu nirudi naulizwa kila mahali, stafu rumu, kanisani baada ya ibada, juzi tu kwenye bajaji ya Area C dada mmoja kanigusa bega, samahani wewe si yule mwalimu uliyeenda Roma, vipi ile kozi, na mimi niombe? Nimejibu nusu nusu mpaka naona nawapunja watu, kwa hiyo naandika yote hapa, mtasoma kwa nafasi maana ni ndefu.

Kwa asiyenijua, mi ni mwalimu wa Diviniti sekondari hapa Dodoma mjini, Jumapili nashika sande skuli, Mwanglikana wa kuzaliwa, kwetu Mvumi. Kozi ni ya teolojia, historia ya kanisa na sanaa ya Kikristo, wiki sita, nilienda Septemba 2025 nikarudi katikati ya Oktoba. Makao ni Roma kwenye nyumba ya masista, halafu kuna safari mbili, ya kwanza Ravenna na Florence, ya pili Wittenberg Ujerumani. Asubuhi mnakaa darasani, mchana mnatembea kwa miguu kwenda kuona mlichofundishwa. Lugha ni Kiingereza. Ada zaidi ya nusu nililipiwa na ufadhili wa chuo chenyewe, iliyobaki ndugu walinichangia na nyingine nikakopa SACCOS ya walimu. Jina la chuo siweki hapa maana nina malalamiko nayo na kule kuna watu walionitendea mema, anayelitaka aje pembeni ntampa. Nyota nawapa nne kati ya tano.

Wiki ya kwanza siku ya tatu walitupeleka kanisa la San Clemente, sio mbali na Colosseum. Ukiingia unakuta kanisa la karne ya 12. Unashuka ngazi, chini yake kuna kanisa lingine zima la karne ya 4, na nguzo zake na michoro yake ukutani. Unashuka tena, unakuta vyumba na kichochoro vya Waroma wa karne ya 1, na humo mna mahali walipokuwa wanamwabudu Mithra, mungu wa kipagani wa enzi hizo, madhabahu ya jiwe bado ipo imechongwa Mithra anamchinja fahali. Hivyo vya chini vilikaa vimefukiwa mpaka padri mmoja Mdominiko kutoka Ireland, Joseph Mullooly, alipoanza kuchimba mwaka 1857. Na ukifika kule chini kabisa unasikia maji. Kuna giza, kuna ubaridi, na nyuma ya ukuta maji yanapita kwa nguvu usiku na mchana. Mi nimekulia kwenye kufukua mchanga wa korongo ili ndoo moja ipatikane, nilisimama pale nikasikiliza mpaka wenzangu wakapanda juu wakaniacha.

Tulivyorudi juu mwalimu akatuambia tukae tutazame ukuta wa duara nyuma ya altare. Ni mozaiki, yaani vipande vidogo vidogo vya vioo na mawe vimepangwa kimoja kimoja mpaka vimekuwa picha, na nyuma yake dhahabu tupu. Katikati kuna msalaba, juu ya msalaba njiwa weupe kumi na wawili, na kutoka mguuni kwa msalaba unaota mmea mmoja umejikunja umesambaa ukuta mzima, ndani ya mikunjo yake kuna watu, kuna ndege, kuna mtu anachunga. Majani ukiyaangalia hayafanani sana na ya zabibu zetu za hapa Dodoma, lakini maandishi ya Kilatini chini yake yanasema kanisa la Kristo tunalifananisha na mzabibu huu. Na chini kabisa, pale mmea unapoanzia, inatoka mito ya maji na ayala wawili wameinamisha shingo wanakunywa.

Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji. Miaka tisa nafundisha Zaburi ya 42 na kila mwaka wanafunzi wananiuliza mwalimu ayala ni mnyama gani, nawajibu ni mnyama anayefanana na swala, tunaendelea mbele. Sijawahi kumwona wala sijawahi kufikiri kwa nini ni yeye. Siku ile nimemwona amekunja magoti kidogo, ulimi karibu na maji, na chini ya miguu yangu ngazi mbili kuna maji ya kweli yanapita. Hapo ndo nilielewa nimekuja kusoma nini. Kozi inakufundisha kusoma ukuta kama unavyosoma aya, neno kwa neno, hili limewekwa hapa kwa nini, kwa nini kumi na wawili, kwa nini mguuni kwa msalaba na sio kwingine.

Sasa niseme na la moyoni. Mi nimelelewa kwenye kanisa la kuta nyeupe. Wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Kianglikana, walioleta injili kwetu hawakuwa watu wa picha, sisi tuna mimbari, Biblia, nyimbo na kengele. Siku naaga nyumbani mama aliniuliza, mwanangu, kwa hiyo unakwenda kusomea sanamu? Hakunitania, aliuliza kwa hofu ya mzazi, na sikuwa na jibu la kumpa maana Kutoka 20, ile ya usijifanyie sanamu, yeye ndiye aliyenifundisha. Nilipanda treni na hilo swali.

Jibu lilianza kuja wiki ya pili darasani. Kumbe ni ugomvi wa zamani mno. Karibu na mwaka 600 askofu wa Marseille, Serenus, alivunja picha za makanisani mwake akiogopa watu wataziabudu, na Papa Gregori Mkuu akamwandikia barua, kwamba umefanya vema kukataza zisiabudiwe ila hukupaswa kuzivunja, kwa sababu asiyejua kusoma anasoma ukutani kile ambacho mwenye elimu anakisoma kitabuni. Halafu huko mashariki, Konstantinopoli, karne ya 8 na ya 9 watu walipigana juu ya jambo hilo hilo zaidi ya miaka mia, mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 787 ukaruhusu picha, zikakatazwa tena, mpaka 843 ndo likatulia. Kwa hiyo swali la mama yangu wa Mvumi ni swali walilouliza maaskofu na wafalme, wengine wakafukuzwa kwa ajili yake. Nilimpigia nikamwambia. Akanyamaza kidogo akasema, basi usome vizuri.

Mwalimu wetu wa sanaa ni mama wa makamo, Mtaliano, na kama mtaenda kwa ajili ya kitu kimoja nendeni kwa ajili yake. Ana utaratibu wake, anawakalisha mbele ya picha moja dakika ishirini bila neno, simu kwenye begi, kalamu chini. Baada ya hapo ndo anauliza umeona nini. Alitufanyia hivyo kanisa la Sant'Agostino, kuna picha ya mchoraji Caravaggio ya mwanzoni mwa karne ya 17, Bikira Maria amesimama mlangoni amembeba mtoto, na mbele yake mahujaji wawili wazee wamepiga magoti, mwanaume na mwanamke. Dakika tano za kwanza nilitazama nyuso. Baadaye nikaona nyayo. Yule mzee yuko peku, nyayo zake zimegeukia kwako unayetazama, karibu na usawa wa macho yako, chafu kabisa, uchafu wa mtu aliyetembea siku nyingi. Nikakumbuka wazee wanaokuja ibada kubwa ya mwaka kutoka vijijini kwa mguu, wanavyofika mlangoni wanajifuta kwa aibu kabla ya kuingia. Huyu hakujifuta na amefika mbele kabisa. Machozi yalinitoka, na mwalimu alivyonifikia akaniruka akamuuliza mwingine, nilimshukuru kwa hilo.

Kwenye kanisa hilo hilo limo kaburi la Monika mama yake Mtakatifu Augustino. Na hapa ndo naanza kutoa ile nyota moja.

Ratiba niliyopewa mwanzoni, wiki sita nzima, Afrika ilikuwa na saa moja na nusu. Saa moja na nusu! Na tunajifunza nini humo ndani kama sio watu wa Afrika, Tertuliano wa Kartago, Tunisia ya leo, ambaye ndiye alianza kutumia neno la Kilatini la Utatu tunalolitumia mpaka leo, Sipriani askofu wa Kartago, Augustino mzaliwa wa Thagaste ambayo leo iko Algeria. Augustino alibatizwa na askofu Ambrosi kule Milano Pasaka ya mwaka 387, na kisima cha ubatizo kipo mpaka leo chini ya kanisa kuu la Milano, unashuka unakiona, mwaka ule ule mama yake akafia Ostia, bandari ya Roma, wakisubiri meli ya kurudi nyumbani Afrika. Hawa tulitajiwa kama mababa wa kanisa la Magharibi na ikaishia hapo, kwao hakuna aliyepataja. Nilinyosha mkono. Sikunyosha kwa hasira, niliuliza tu kwa nini ramani iliyoko ukutani inakatikia katikati ya bahari ya Mediterania wakati nusu ya watu tunaowasoma wanatoka upande wa chini. Ramani kweli ilikuwa imekatwa hivyo. Yule mwalimu wa sanaa alisimama akaitazama, kesho yake akaja na nyingine na akatuongezea mchana mmoja.

Huo mchana alitupeleka Santa Maria Maggiore. Mwaka 2025 ulikuwa wa Jubilei, mwaka wa hija kwa Wakatoliki, na Papa Fransisko amezikwa pale tangu Aprili mwaka huo, kwa hiyo foleni ilikuwa ndefu sana, kaburi lenyewe ni la kawaida kabisa, jiwe, msalaba na neno Franciscus basi. Tukapita pale tukaenda upande wa ubatizo. Kuna sanamu ya kifua na kichwa ya mtu mweusi, marumaru nyeusi, amevaa vazi lenye kamba kamba kama wavu, na jina lake ni Antonio Emanuele Ne Vunda. Alikuwa balozi wa mfalme Alvaro wa Pili wa Kongo kwa Papa. Aliondoka kwao mwaka 1604, akazungukia Brazil, Ureno na Hispania, njiani akaporwa, akafika Roma Januari 1608 akiwa hoi na siku chache tu akafa, Papa Paulo wa Tano alimwendea kitandani. Miaka minne njiani kupeleka salamu za kanisa la kwao. Mimi nilitumia siku moja kwenye ndege na nililalamika kiti kilibana. Tuliokuwa pale kutoka Afrika tulikuwa wanne, mmoja wa Ghana, wawili wa Nigeria na mimi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufundishwa habari zake kwao, mimi mwenyewe mwalimu wa Diviniti. Angekuwa kwenye ratiba tangu mwanzo ningewapa tano.

Lakini kitu kilichonibeba zaidi sikukipewa na kozi, nilikipata Jumamosi ya mapumziko. Kuna kijana mmoja wa Kondoa anasoma kule, frateri, yaani anasomea upadri, wa shirika la Kikatoliki la Wapasionisti, nilielekezwa kwake na padri tunayefahamiana hapa Dodoma. Akanifuata kituo cha treni, kabla hata sijamwona vizuri nasikia "Mbukwa!", yaani kusikia Kigogo katikati ya Roma nilicheka mpaka watu wakageuka. Akasema Mwalimu twende nikuonyeshe kilima cha Celio, hutakaa usahau.

Tukaingia kwanza kanisa la San Gregorio. Akaniuliza unajua hapa ni wapi? Hapa ndo palikuwa kwao Gregori Mkuu, yule yule wa barua ya picha, aligeuza nyumba ya baba yake kuwa monasteri. Kwenye kikanisa cha pembeni kuna meza ya marumaru wanasema Gregori alikuwa anawalisha maskini kumi na wawili kila siku kwa mikono yake, siku moja akatokea wa kumi na tatu naye akawa malaika. Na kutoka monasteri hii, mwaka 596, Gregori aliwatuma watawa na mkuu wao Agostino, sio yule wa Afrika, huyu mwingine, kwenda kuhubiri Uingereza. Wakafika Kent mwaka 597, mfalme Ethelbert akabatizwa, Agostino akawa askofu mkuu wa kwanza wa Canterbury. Frateri akanitazama akasema, sasa wewe Mwanglikana hebu maliza mwenyewe. Nikamaliza. Canterbury, kanisa la Uingereza, CMS, Mpwapwa karne ya 19, Ugogo, Mvumi, bibi yangu akabatizwa, mama, mimi. Nimesimama kwenye mlango walikotokea.

Nikadhani ndo imeisha. Akanitoa nje, tukashika njia nyembamba ya mawe ina matao ya matofali juu, inaitwa Clivo di Scauro, hatuchukui hata dakika tano tunatokea kanisa la Watakatifu Yohana na Paulo, chini yake nako kuna nyumba za Waroma zenye michoro. Hapo ndo makao makuu ya Wapasionisti, mwanzilishi wao Paulo wa Msalaba amezikwa humo. Na Wapasionisti ndo waliokabidhiwa eneo la Kanisa Katoliki Dodoma lilipoanzishwa mwaka 1935. Bihawana yote ile, mapadri wa Kiitaliano tuliokuwa tunawaona utotoni, walitumwa kutoka jengo hili. Yaani Waanglikana wa Dodoma na Wakatoliki wa Dodoma, sisi tuliogawana vijiji, shule na hospitali, tuliokatazana kuoana, ukifuata uzi nyuma mpaka mwisho tunakuta malango mawili ya kilima kimoja, mtu anaweza kutupa jiwe toka huku likafika kule. Tulikaa kwenye ngazi tukala mkate na jibini, frateri akaniambia babu yake alimfukuza shangazi yake kwa sababu aliolewa na mtoto wa mchungaji wa Kianglikana. Nikamwambia kwetu ilitokea hivyo hivyo upande wa pili. Hatukusema mengi baada ya hapo.

Nimemwambia yule mwalimu wa sanaa hiyo habari, akaiandika kwenye daftari lake na akaniomba niieleze darasa zima Jumatatu. Mtakaoenda mwaka huu nadhani Celio mtaikuta kwenye ratiba.

Safari ya Ravenna nzuri mno, siku mbili. Ravenna ni mji mdogo, makanisa yake ya karne ya 5 na ya 6 yako kwenye urithi wa dunia tangu 1996, na kama wewe ni mtoto wa wafugaji utajisikia nyumbani. Kwenye kijengo cha Galla Placidia Yesu ni kijana hana ndevu, ameketi kati ya kondoo, mkono mmoja ameshika msalaba mrefu wa dhahabu na mwingine unamgusa kondoo puani, vile mchungaji anavyomgusa kondoo anayemjua. Madirisha yamewekwa jiwe jembamba badala ya kioo, mwanga unaingia wa rangi ya asali, ukiingia huoni kitu, subiri dakika mbili macho yazoee, dari lote la buluu lina nyota. Sant'Apollinare in Classe nako kondoo kumi na wawili kwenye majani mabichi kama Kongwa masika.

Florence waliiharibu. Siku moja! Treni asubuhi, treni jioni. Monasteri ya San Marco ambako Fra Angelico, mtawa mchoraji, alichora chumba kwa chumba cha watawa, picha moja kila chumba kwa ajili ya sala ya anayelala humo, tulipewa dakika arobaini na tano, vyumba zaidi ya arobaini, tunakimbizana koridoni. Kinyume kabisa na yale ya dakika ishirini tuliyofundishwa. Niliandika kwenye fomu ya maoni na ninarudia hapa, ongezeni siku hata mkipunguza kitu kingine.

Wittenberg niliisubiri kuliko zote na ilinishangaza tofauti na nilivyotegemea. Ule mlango wa kanisa inaposemekana Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, alibandika hoja zake 95 za kulikosoa kanisa tarehe 31 Oktoba 1517 haupo, uliungua mwaka 1760, uliopo ni wa shaba wa mwaka 1858 umeandikwa hoja 95 zote. Mji umetulia sana. Kilichonishika ni kanisa la mjini, Stadtkirche, Luther alikohubiri, kwa sababu mbele kuna picha kubwa ya mchoraji Cranach ya mwaka 1547. Mi nilidhani kwa Luther ntakuta kuta nyeupe kama za kwetu! Chini ya ile picha kuna ubao mwembamba, kulia Luther yuko mimbarini, mkono mmoja kwenye Biblia, mwingine umenyooka unaonyesha, kushoto waumini wamekaa na wamesimama, watoto, wazee, na katikati kati ya mhubiri na watu hakuna kitu chochote ila Kristo msalabani. Ukuta wa nyuma mtupu. Nikajisemea hii ndo ingewekwa kila kanisa letu mbele ya mhubiri, akumbuke kidole chake kielekee wapi. Na kumbe mwaka 1522 watu wa Wittenberg walipoanza kubomoa picha, Luther alitoka mafichoni Wartburg akarudi akahubiri siku nane mfululizo kuwatuliza, akasema msimlazimishe mtu. Mama nilimpigia tena.

Haya, mambo ya safari sasa, maana hapa ndo wengi mtaumia.

Usipitie wakala. Mi nilipitia wakala mmoja Dar, aliniambia kila kitu kimo, viza, bima, viingilio. Bima aliyonikatia ilikuwa ya kiwango kidogo wakati viza ya Schengen inataka bima isiyopungua euro 30,000, nikarudishwa dirishani, nikalala Dar siku mbili zaidi kwa shangazi Tabata, nikakata nyingine kwa hela yangu. Viingilio navyo havikuwemo hata kimoja. Nilimpigia simu akawa hapokei na hela yangu hajarudisha mpaka leo. Barua ya chuo, barua ya mwajiri, taarifa ya benki, tiketi na bima vyote unaweza kuandaa mwenyewe, ada ya viza ni euro 90, na ubalozi wa Italia uko Dar, kwa treni ya SGR unaondoka Dodoma alfajiri unafika mapema kabisa. Anza miezi mitatu kabla. Viza yenyewe ni ya siku zisizozidi 90 kwa hiyo wiki sita inatosha.

Masista wako safi, chumba safi, ila maji ya moto yana saa zake na jioni mlango unafungwa saa nne kamili, hawabembelezwi. Chakula ni pasta mchana pasta usiku. Beba unga kama unaweza, mi nilibeba mlenda mkavu na karanga za kusaga, sista wa jikoni aliniachia jiko Jumapili mbili na yule wa Ghana alikula akaomba tena.

Kiingereza kiandae. Masomo ya kusoma walituma siku sita tu kabla ya kuanza, kurasa zaidi ya mia nne, kwa bando letu na kazi ya shule hiyo haiwezekani, waombeni mapema kwa barua pepe. Soma kitabu cha Maungamo cha Augustino kabla hujaondoka, hata nusu, utaelewa mara mbili.

Beba khanga mbili au kitenge. Makanisani hawakuruhusu mabega wazi wala magoti wazi, na mimi nilikuwa navisha wenzangu kila siku mlangoni, khanga moja ilibaki kwa Mnigeria. Maji usinunue, Roma ina mabomba ya barabarani yanatiririka muda wote na ni ya kunywa, ukitoka Dodoma moyo unakuuma unavyoona yanavyomwagika. Makumbusho ya Vatikani Jumapili ya mwisho wa mwezi ni bure, ila uwe kwenye foleni mapema sana, na kule Sistina picha hupigi. Picha za Caravaggio zilizoko makanisani huzilipii, weka sarafu mfukoni tu maana makanisa mengi taa ya picha inawashwa kwa sarafu, ikizima unaweka nyingine.

Na cheti. Hiki ni cheti cha kuhudhuria kozi fupi, sio digrii, kwa mwajiri hakikupandishi daraja na wala usiende ukitegemea hivyo. Anayetaka kuendelea na masters huko aulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwanza kama chuo kinatambulika kabla hajalipa hata senti.

Je mlipe? Ukipata ufadhili wa nusu na kuendelea, nenda, hasa walimu wa dini, makatekista na wachungaji wanaofundisha vyuo vyetu vya Biblia hapa kati. Bila ufadhili mi nakushauri subiri mwaka mwingine uombe tena, mkopo wa SACCOS bado nakatwa mpaka Juni. Na kabla hujaenda kuona michoro ya Ulaya pita Kolo, Kondoa, michoro ya mapangoni iko kwenye urithi wa dunia tangu 2006 na iko mkoani kwetu. Mwalimu wa sanaa aliniuliza habari zake mbele ya darasa nikawa sijawahi kufika. Nimefika Januari, na wanafunzi thelathini na mbili.

Picha za San Clemente nilizopiga nimezichapa kubwa kwenye stationari moja pale karibu na Nyerere Square, zimebandikwa darasani Fomu Tatu. Nilifanya kama tulivyofanyiwa, nikawakalisha dakika ishirini kimya mbele ya ayala. Mtoto mmoja wa Chamwino ndo alinyosha mkono wa kwanza, akasema mwalimu hao wametoka mbali, angalia shingo, mbuzi wetu wakifika lambo mwezi wa kumi ndo wanainama hivyo. Anayetaka hizo picha kwa ajili ya darasa lake au sande skuli anitumie ujumbe, namtumia bure.